Vidole Viwili Juu ya Usukani

Fundi wa magari wa Kasongo hakuwa na haraka ya kushika spana. Kwanza alinawa mikono kama mtu aliyekaribishwa chakula, kisha akapanda lori la pamba kando ya dereva Bulaimu, ambaye Jumamosi angeleta bibi harusi wake toka Kabambare kwa lori hilo, kwa ruhusa ya Mzungu mwenye lori. Akaweka vidole viwili juu ya usukani. "Kimbiza. Sasa funga breki!" Usukani ukatetemeka, naye akacheka kama aliyetekenywa. Waliporudi alifungua gurudumu la mbele, akaizungusha ngoma ya breki huku ameigusisha chaki. Chaki ikachora upande mmoja tu. "Imepinda. Ukishuka mulima, unafanyaka nini?" Bulaimu akainama. "Naoshaka gari mtoni, fundi. Siwezi kuingia muji na vumbi." "Na breki ingali moto! Ni ile maji baridi ilipindisha." Akacheka hadi machozi, akaichonga ngoma kwenye mashine, akiimba, mpaka chaki ikachora duara zima.

Jumamosi Bulaimu alishuka mlima, akafunga breki, usukani ukatulia tuli. Mtoni hakusimama. Aliingia Kasongo akipiga honi, yeye na bibi harusi wekundu kwa vumbi, na kando ya barabara fundi akainua vidole viwili.