Tulivyomtafuta mume wa Somoe kwa modemu, Lindi, kabla ya intaneti

Wakuu, amani iwe kwenu. Vijana, marahaba zenu nimezipokea kabla hamjasalimia.

Nimesoma uzi wa jana wa watu wanaolalamika WhatsApp ilizima nusu saa, nikacheka peke yangu hapa sebuleni. Ngoja niwape kisa changu mwenyewe. Sitaongeza chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo na wana wajukuu wanaopita humu.

Mimi ni mama wa Kimakonde, kwetu Newala, ila kazi nimefanyia Lindi mjini. Niiteni Felista.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa karani kwenye mradi mmoja wa wafadhili. Wazungu walipofunga virago waliacha kompyuta, printa yenye kelele kama cherehani, na kidude cheusi chenye vitaa vyekundu. Kidude hicho ndiyo modemu. Kazi yake ni kuiunganisha kompyuta na waya wa simu.

Bosi wangu akaniambia, "Felista, hivi vitu uvitumie wewe, au vitatumiwa na panya."

Basi nikavitumia.

Kwa wasiojua: kabla ya intaneti kulikuwa na watu wa hobby dunia nzima waliojenga mtandao wao, wakauita wa bulletin board. Kila mtu na kompyuta yake nyumbani. Kompyuta yako inampigia jirani simu, inampa barua, inachukua za kwako, inakata. Jirani naye anampigia jirani yake. Hivyo hivyo mpaka Ulaya. Hakuna kampuni, hakuna mshahara, ni mapenzi tu.

Kwetu lango lilikuwa Dar, kwa kijana mmoja fundi redio, nimwite Karim. Mitambo yake ilikuwa chumbani kwake, kitanda upande huu, kompyuta upande ule. Yeye ndiye aliyenitumia programu kwenye disketi, akampa dereva wa basi.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Kilwa Kivinje. Bakari, tabibu. Alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoiendesha kwa betri ya gari.

Dar, Lindi, Kivinje. Huo ndio ulikuwa mtandao wetu wa kusini, wakuu. Msicheke.

Sasa kazi iliyonitoa jasho ilikuwa routing.

Ile programu ilikuwa na faili la maelekezo. Unaiandikia: barua ya Kivinje ipitie hapa, ya Dar ipitie kule, ya nje ya nchi mpe Karim. Na isiyojulikana ya nani, mpe Karim pia, yeye atajua. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Nilikuwa nakisoma na kamusi pembeni, umeme ukikatika nahamia barazani.

Ilinichukua msimu mzima wa mvua mpaka barua ya kwanza itoke kwa Bakari, ipite kwangu, ifike kwa Karim. Iliandikwa "Hujambo Dar." Nililia, aisee.

(Kuna mkuu hapo chini ameuliza, kwa nini msipige simu tu mkaongea? Mkuu, ulizaliwa lini? Simu ya mbali ilikuwa unamwomba opereta, unasubiri, ukiipata unapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na ng'ambo je? Nani alikuwa na simu ya ng'ambo?)

Huyo opereta naye ana sura yake humu.

Ilikuwa hivi. Mashine zikishashikana zinaanza kupiga miluzi, barua zinapita. Ghafla, kata! Tunaanza upya. Kata! Karim akadhani modemu yangu mbovu, mimi nikadhani yake.

Siku moja nikatembea mwenyewe hadi kwenye mitambo ya simu. Nikamkuta mzee mmoja wa Kimwera, vifaa vya kusikilizia kichwani. Nimwite Mzee Chilumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unataka wapi?"

"Sitaki kupiga, mzee. Mimi ndiye wa ile namba yenye kelele."

Akavua vifaa kichwani, akaniangalia. "Kumbe ni wewe! Mimi nikiingia kuuliza kama mmemaliza, nasikia vyura na nzige wamefungwa gunia moja. Najua laini imeharibika, nakata."

"Usikate mzee. Hizo ni barua."

"Barua zinalia?"

"Zinalia, mzee."

Akafikiri kidogo. "Haya. Basi sitazinyamazisha tena."

Tangu siku hiyo laini yetu ikatulia.

Sasa niingie kwenye kisa chenyewe.

Kivinje kulikuwa na dada mmoja, Somoe. Mumewe, Twaha, alipelekwa kusoma uhandisi wa maji Urusi ile ya zamani, upande wa Ukraine. Walikaa pamoja muda mfupi tu baada ya ndoa, akaondoka. Mwanzoni barua zilikuja. Halafu ile nchi ikavunjika, mnakumbuka, na barua zikakatika.

Hazikupungua. Zilikatika kabisa.

Huku nyumbani kila mtu akawa na lake. Kafa. Kaoa mzungu. Yuko jela.

Baba yake Somoe alikuwa mkulima wa korosho Tingi. Tafadhali msimhukumu haraka. Alikuwa mzazi anayemwona binti yake anakonda, si mke, si mjane. Akaenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia subirini Maulidi yapite. Kisipopatikana chochote, wazee wakae, ndoa ivunjwe kwa utaratibu wa dini.

Somoe akaanza kukosa usingizi. Akaenda kwa Bakari kuomba dawa.

Bakari akaniandikia: "Felista, mgonjwa wangu hana malaria. Anaumwa kutojua. Huko kwenye mtandao wenu wa dunia, hakuna mtu wa Ukraine?"

Nikampelekea Karim. Karim akaandika tangazo kwa Kiingereza, akalibandika kwenye ukumbi wa wote: jina la Twaha, chuo, na hosteli kama ilivyoandikwa nyuma ya bahasha ya mwisho aliyokuwa nayo Somoe.

Wakuu, kumbe kule mtandao wa hobby ulikuwa umeshamiri kuliko hata Ulaya magharibi! Akajibu jamaa mmoja, mwanafunzi, anakaa mji huohuo. Kiingereza chake kama changu. Akasema hosteli hiyo anaijua, ataenda mwenyewe kwa tramu.

Karim, kwa heshima, akamtengenezea Somoe anwani yake mwenyewe chini ya Kivinje. Akasema barua ya mke isiingie kwenye sanduku la daktari. Nikaona ni jambo la ustaarabu.

Tukangoja.

Mfungo Sita ukaingia. Maulidi yakasomwa Kivinje, nikasikia yalifana sana. Somoe, Bakari aliniambia, alikaa nyuma kabisa na hakuonja pilau.

Kimya.

Halafu Alhamisi moja asubuhi Karim akanipigia simu ya kuongea kwa mdomo, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Felista, ile barua ya Ukraine imepita kwangu tangu juzi. Mbona Bakari anasema hajaona kitu?"

Nikafungua kumbukumbu za mashine.

Niliyoyaona, acheni tu. Barua ilikuwa imefika kwangu. Mashine yangu ikasoma ile anwani mpya ya Somoe, haikuijua, na ikafanya kama ilivyofundishwa: isiyojulikana mpe Karim. Ya Karim ikaipokea, ikasema hii ni ya upande wa Kivinje, na Kivinje ni kwa Felista, ikanirudishia. Yangu ikamrudishia.

Barua ya mtu aliye hai au maiti ilikuwa inazunguka kati ya Dar na Lindi kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Na wazee walikuwa wamepanga kukaa kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu kwenye lile faili. Nikaanza kuandika, umeme ukakatika! Mgao. Nikakaa mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani, mvua inapiga bati. Bosi akapita mlangoni, akaniona, akarudi zake bila kuuliza.

Umeme uliporudi nikaandika mstari, nikaujaribu, barua ikageuza kichwa kuelekea Kivinje. Alhamdulillah, na mimi ni Mkristo.

Nikamwomba Mzee Chilumba aniunganishe na Kivinje. Mashine zikapigiana mluzi, zikaachana. Tena. Zikaachana. Mvua ilikuwa imeingia kwenye waya huko njiani.

Mzee Chilumba akaingia kwenye laini. "Binti, vyura wako hawatavuka leo. Lakini sauti ya mtu inapita, ya mbali mbali. Ongea."

Hapo nikapata mtihani. Sisi wenye vituo tulikuwa na mwiko wetu: barua inayopita kwako husomi. Na hii ilikuwa ya mume kwa mke.

Nikamwambia Bakari kwa sauti, "Mwite Somoe mwenyewe. Akikubali nimsomee, nitamsomea. Akikataa, inabaki imefungwa mpaka laini ipone."

Baada ya muda nikasikia pumzi. Halafu sauti nyembamba, "Asalam alaikum, dada."

"Waalaikum salaam, Somoe. Barua ya Twaha iko mbele yangu. Sijaisoma."

"Yeye mwenyewe ndiye kaiandika?"

"Jina lake liko chini."

Nikamsikia Bakari anamwambia akae. Halafu akasema, "Soma, dada."

Nikasoma.

Twaha alisema yuko hai, na yule mwanafunzi wa tramu ndiye aliyemchapia barua. Nchi ilipovunjika posho yao ilikatwa, chuo kikawadai, wakawa wanabeba mizigo sokoni kwenye theluji. Akaugua kifua, akalazwa muda mrefu. Aliandika barua nyumbani, hajui zilipotelea wapi. Alipopona akaona haya kuandika tena, kwa kuwa hakuwa na shahada wala nauli. Akamuulizia mama yake. Akauliza kama ule mkarafuu nyuma ya nyumba umeshika.

Nikafika mistari ya mwisho, nikaacha kusoma.

"Laini imekatika?" Somoe akauliza.

"Haijakatika."

"Basi dada, soma na hiyo unayoificha."

Nikasoma. "Somoe, sijui nitarudi lini. Sitaki uzeeke kwa kuningoja. Kama unataka kuolewa, mimi nimeridhia, uniambie tu nikuandikie talaka yako kwa wema. Sina kinyongo."

Nilijua Mzee Chilumba yumo kwenye laini. Ilibidi awemo, la sivyo ingekatika.

Halafu Somoe akasema, taratibu, kama mtu anayemwandikisha mtoto imla:

"Mjibu hivi. Sikuuliza kama naweza kuolewa. Niliuliza kama uko hai. Sasa nimejua. Rudi hivyo hivyo ulivyo."

Nikaandika huku herufi zinacheza machoni.

Na hapo ndipo Mzee Chilumba aliposhindwa kuvumilia. "Kivinje," akasema, "msikate. Nawashikilia laini. Semeni mpaka mmalize."

Ijumaa wazee walikaa. Bakari ndiye aliyenisimulia. Somoe aliyasema maneno yote mwenyewe, na yale ya talaka hakuyaruka. Sheikh akauliza, "Mume amekupa hiari. Unachagua nini?" Akajibu, "Nimeshachagua, jibu liko njiani." Sheikh akasema basi hapa hakuna kesi, tuombe dua.

Baba yake akainuka. Akaondoka na kanzu yake kwenda Tingi, kila mtu akajua kanuna.

Wakuu, hakuwa amenuna.

Mwaka ule ndio wanunuzi binafsi wa korosho walianza kuingia kwetu. Zamani ulipeleka korosho kwenye chama, unapewa stakabadhi, unangoja mpaka uchoke. Hawa walilipa papo hapo, gunia likiwa bado kwenye mizani. Msimu ulipofika yule mzee akauza korosho zake zote. Watu wakamwona anapita na mfuko, wakajua anaongeza mke au anaezeka bati.

Akaenda kwa Bakari, akaweka mfuko mezani. "Tabibu, niandikie kwa hiyo mashine yenu. Mkwe wangu nauli ni kiasi gani?"

Wenzake Twaha kule walichangia kilichopungua. Karim alimpokea Dar, Twaha akalala kwake siku mbili, halafu akavuka Rufiji kwa kivuko kuja nyumbani.

Sikuwepo alipofika Kivinje, kwa hiyo sitawadanganya ilikuwaje. Bakari aliandika mstari mmoja tu: "Amefika. Amekonda. Wamefunga mlango, nasi tumeondoka."

Mwezi mmoja baadaye walikuja Lindi kunisalimia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Somoe kwa macho. Nilidhani ni mrefu, kumbe mfupi kuliko mimi! Tukashikana. Nikawapeleka ofisini, wakaiangalia modemu. Somoe akaigusa kwa kidole kimoja.

"Ndogo hivi?"

"Ndogo hivyo hivyo."

Twaha alikuja kuajiriwa fundi wa visima bila ile shahada. Wana watoto wanne. Baba yake Somoe aliishi akawaona wawili. Mtandao wetu ulikufa kifo cha kawaida intaneti ilipofika Dar na watu wakahamia huko. Sina kinyongo nayo.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anayengoja hakuombi makubwa. Anaomba kujua. Kama una habari ya mtu, hata mbaya, hata ya aibu, usiikalie kwa kudhani unamhurumia. Twaha alidhani kunyamaza ni huruma. Karibu huruma hiyo imvunjie nyumba.

Kama kuna ndugu hujamwandikia kwa sababu mambo yako hayajakaa sawa, funga uzi huu kwanza, mwandikie, halafu rudi.

Na waliosoma Urusi enzi zile, au walioshika modemu kabla ya kushika mouse, njooni mseme. Na kama kuna mtoto wa opereta wa zamani wa kusini humu, ninyi hasa nawasubiri. Wazee wenu walisikia mengi na hawakuyasema.