Rili ya Kwenda Nayo Baharini

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Thika, Fundi Mkuu alinipa rili kuukuu, bisibisi moja na gazeti la kutandika mezani. "Ifungue yote," akaniambia, "halafu uirudishe. Ukibakisha skrubu hata moja, anza upya." Nilianza upya mara tatu. Duka letu liliuza vifaa vya kuvulia samaki, na nyuma yake kulikuwa na karakana ya mafundi wanne. Mwanamke nilikuwa peke yangu, nimetoka Bungoma na cheti cha ufundi wa mitambo, na hadi asubuhi hiyo nilikuwa sijawahi kushika rili.

Kwa msomaji ambaye naye hajaishika, rili ni kile kifaa kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kibebe uzi. Unarusha chambo bandia, yaani kisamaki cha chuma au plastiki chenye ndoana, kisha unazungusha mkono wa rili kuurudisha uzi. Wateja wetu wengi walivua kwenye mabwawa ya huku kwetu. Lakini shule zikikaribia kufungwa walikuja wale wa kwenda pwani, wanaovua kolekole na mzia kwa fimbo nyepesi wakiwa wamesimama ufuoni. Hao ndio walionifundisha kazi.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Ruiru, Mwalimu Wanjiru. Kila likizo ya Agosti alienda Kilifi kuvua na kaka yake. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa kaunta, na aliponiuliza ipi nzuri kwa maji ya chumvi, nikamshushia iliyong'aa kuliko zote. Boksi lilisema ina beringi kumi. Beringi ni vile viduara vya chuma vyenye gololi ndani, vinavyofanya mkono uzunguke laini. Nikamwambia kumi ni nyingi kuliko tano, kwa hivyo ni bora. Akaniamini.

Alirudi likizo ilipoisha. Hakupiga kelele. Aliiweka rili juu ya kaunta, akasema, "Nekesa, zungusha."

Mkono haukwenda.

"Nilikuwa nimeshamwona," akasema. "Kolekole mkubwa, ubavu unang'aa kama sufuria mpya. Akageuka akakimbia, uzi ukakataa kutoka. Ukakatika hivi hivi. Na kaka yangu ni mgonjwa sasa. Sijui kama tutaenda tena."

"Pole sana, Mwalimu."

Fundi Mkuu alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana. "Pole haifungui rili," akasema. "Chukua bisibisi, ifungue mbele yake."

Niliifungua. Beringi saba zilikuwa zimeshika kutu. Breki nayo ilikuwa imeganda. Breki ya rili ni visahani vinavyobanana ili samaki akivuta kwa nguvu, uzi umtokee kidogo kidogo badala ya kukatika. Visahani vyake vilikuwa vya kitambaa kikavu, vimeshikana kwa chumvi. Mwalimu aliinama akatazama, akasema taratibu, "Kumbe uliniuzia hesabu."

Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Baadaye nilimwomba Fundi Mkuu anirudishe karakana, na kwa miaka iliyofuata kila rili iliyoingia dukani niliifungua kwanza.

Nililojifunza nitalieleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wateja. Kwa uvuvi mwepesi wa baharini, usibebe rili kubwa. Mkono utachoka kabla ya samaki. Saizi ya elfu mbili mia tano au elfu tatu, namba inayoandikwa kwenye rili yenyewe, inatosha, nayo ibebe uzi mwembamba uliosukwa. Kisha sahau rangi. Legeza breki, vuta uzi kwa vidole polepole. Uzi ukianza kutoka bila kushtuka, hiyo breki ni nzuri. Ukikataa, halafu ukaruka ghafla, iache. Shika mwili wa rili ubane: wa alumini haupindi samaki akivuta, wa plastiki laini hupinda na gia zikaachana. Tazama kile kirola kidogo ambapo uzi hupinda kuingia, kwa maana hapo ndipo chumvi huanza kula. Mwisho uliza kuhusu sili, zile pete za mpira zinazozuia maji. Beringi nne zilizozibwa vizuri zinashinda kumi zilizo wazi.

Duka lilipofungua tawi Ruiru, upande wa Gatongora, nilipelekwa huko kama fundi wa tawi. Meneja wa tawi alikuwa kijana msomi, mcheshi, mwenye haraka na kila kitu. Siku moja alipokea mzigo mkubwa wa rili mpya, maboksi yote yameandikwa kwamba ni za maji ya chumvi. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Wanjiru akaingia. Alikuwa amestaafu.

"Nekesa, kaka amepata nafuu kidogo," akasema. "Daktari amekubali tusafiri. Nataka rili yake, na safari hii usinihesabie beringi."

Meneja alinyoosha mkono kwenye mzigo mpya. "Hizi hapa, Mwalimu. Zimefika jana."

"Nipe wiki moja," nikasema.

Nilichukua mbili za mzigo ule na moja niliyoiamini, nikaziloweka kwenye beseni la maji na chumvi ya kupikia. Kila asubuhi nilizitoa, nikazisuuza, nikazizungusha. Siku ya nne Meneja akaliona beseni.

"Haiya! Nani alikuruhusu uloweke stoki?"

"Hakuna, bosi."

"Mteja ana haraka, stoo imejaa, na wewe unapika supu ya rili!"

Akampigia simu Mkurugenzi, ambaye alikuja kutoka Thika kesho yake. Nilijua ningeweza kufutwa kazi nikarudi Bungoma na mizigo yangu. Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja kwenye beseni. Alizungusha rili ya kwanza ya mzigo mpya, ikakwaruza kama inasaga mahindi. Ya pili ikakwama. Ile ya tatu ikazunguka kimya.

"Bandika karatasi kwenye mzigo," akamwambia Meneja. "Za mabwawa tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe utapata barua ya onyo kwa kuharibu mali bila ruhusa. Kuanzia mzigo ujao, utaharibu kwa ruhusa."

Barua niliipata kweli. Meneja mwenyewe aliniletea, tukacheka wote wawili.

Mwalimu aliondoka na rili kama ile ya tatu. Aliporudi alisimama mlangoni tu, kitambaa kichwani, pua imebabuka kwa jua. "Kaka alivua akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki," akasema. "Kolekole alikimbia, uzi ukatoka, ukatoka, na kaka anacheka kama mtoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia kofia." Akaketi, akafuta macho. Kaka yake aliishi miaka miwili zaidi, na Agosti zote mbili walienda.

Nimestaafu sasa, ninaishi hapa hapa Gatongora. Vijana huniuliza kama sichoki kuzungumzia kifaa kidogo namna ile. Sichoki. Mteja hawezi kuona ndani ya kitu anachonunua, kwa hivyo fundi ndiye macho yake. Heshima yangu yote niliipata hapo.

Jambo moja nilikuwa nalionea aibu: nilitengeneza rili za baharini miaka yote hiyo bila kuiona bahari. Mwaka jana binti yangu Nafula alinipeleka Kilifi. Nilirusha asubuhi nzima, vibaya, chambo kikianguka karibu na miguu yangu. Halafu kitu kikashika, fimbo ikainama, breki ikaimba. Alikuwa kolekole wa kutosha kiganja. Nafula akampiga picha, tukamrudisha majini.

"Mum, jua limekuwa kali," akasema. "Twende tukale?"

Nikamwambia atangulie yeye. Mimi nilikuwa bado narusha.