Siku Nilipoliacha Goli la Fundi Singasinga

Mwezi uliopita nilikwenda Bugarama kumtazama mjukuu wangu aliyejifungua. Jioni moja tulikaa kwenye banda la chai la jirani yake, mahali ambapo wachimbaji hupitia wakitoka mashimoni, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi zao. Televisheni ilikuwa inaonyesha watu wa nchi za mbali wakikimbiza kijipira kwa fimbo zilizopinda. Vijana wakacheka, wakaulizana watu hao wanachunga nini na ng'ombe hawaonekani. Filimbi ikalia, mchezo ukasimama, na hakuna aliyejua sababu.

Nikasema, "Mpira umemgusa mguu. Anayeruhusiwa ni kipa peke yake."

Picha ikarudiwa, mguu ukaonekana. Banda zima likanigeukia. Kijana mmoja, mtu wa Kigoma, akaniamkia shikamoo, kisha akaniuliza kwa adabu mambo hayo nimeyajulia wapi. Nilimwitikia marahaba, nikaendelea na chai yangu. Jambo refu halijibiwi mbele ya televisheni. Ninakujibu wewe, msomaji, uliyetulia kunisikiliza. Mjukuu wangu ndiye aliyeshika kalamu, kwa kuwa mimi darasa sikuliona. Maneno ni yangu.

Nilizaliwa upande wa Shinyanga, karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume wa kuchunga, kwa hiyo mbuzi walikuwa mikononi mwangu tangu nilipoweza kuwahesabu kwa vidole. Nyumbani tuliamka na kunywa chai kwa michembe, yale mapande ya viazi yaliyokaushwa juani, magumu kama kokoto mpaka yapikwe. Halafu mashine za kiwanda zilianza kunguruma, na mngurumo huo ndio uliokuwa saa yetu.

Fundi wa mashine hizo alikuwa Singasinga, mtu mwenye kilemba na ndevu ndefu, aliyevuka bahari na mkewe, mtoto wao mdogo, sanduku la vyuma vyake na gongo moja la kuchezea mpira wa magongo. Nchi yetu hakuijua, lugha yetu aliiokota kidogo kidogo, na mtu wa kucheza naye hakuwapo. Mwingine angelitundika lile gongo ukutani na kuzeeka akilitazama. Yeye alikata matawi ya mkwaju, akayalainisha kwa mvuke wa boila ya kiwanda, akayapinda moja baada ya jingine, mengi yakavunjika, mpaka akapata magongo ishirini na mawili. Mpira aliuzungusha kwa nyuzi za pamba, fundi viatu akauvika ngozi. Kisha akatuita sisi watoto wa jirani, tuliokuwa tunashika fimbo siku nzima, akasema kwa Kiswahili chake, "Nyinyi jua fimbo tayari. Kazi nusu kwisha."

Wazazi walisita. Bibi yangu ndiye aliyewakata maneno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala hakuwa amekosea, kwa sababu kila baada ya mazoezi mke wa fundi alitugawia chapati zinazonukia samli, na hadi leo harufu hiyo hunifanya ninyooshe mgongo.

Alikuwa mkali, nami nampenda mtu mkali mwenye haki. Ukipiga mpira kwa upande wa mgongo wa gongo, ulitoka nje. Ukiinua gongo juu ya bega, ulitoka nje. Mtoto wake mwenyewe alitoka nje mara nyingi kuliko sisi. Mimi aliniweka golini, akanifunga miguuni magunia yaliyoshindiliwa pamba, akaniambia maneno machache ambayo nilidhani nimeyaelewa: "Binti, hapa nyumba yako. Wewe hapana toka."

Uwanja ulikuwa shida. Mahali palipokuwa tambarare na pazuri ni kwenye ngitili ya mzee mmoja jirani, yaani malisho aliyoyafunga tangu masika ili ng'ombe wake wapate nyasi kiangazi. Fundi alikwenda kumwomba, akakataliwa, na haki ilikuwa ya mzee, ngitili haichezewi. Tukabaki kwenye kiwanja cha kiwanda, ambacho msimu wa pamba ukifunguliwa hujaa marobota. Meneja wa kiwanda alimpa fundi sharti moja. Aandae pambano na wageni kabla ya msimu, na kama watoto hawa wataonekana ni timu kweli, marobota yatawekwa kwingine. Kama ni mzaha, uwanja unarudi na magongo yataishia kwenye moto wa boila. Sote tulilijua sharti hilo. Fundi alikonda.

Siku ikafika. Wageni walikuwa watoto wa shule moja ya mjini, wameshuka kwenye lori na viatu vyeupe. Sisi tulikuwa pekupeku. Watu walijaa upande wa wageni, kutazama viatu. Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa mabao mawili.

Hapa sharti nikueleze jambo la kwetu. Baada ya mavuno, Wasukuma hushindana kwa ngoma. Ziko pande mbili, Bagika na Bagalu, na kila upande hucheza mahali pake kwa wakati mmoja. Mshindi hapatikani kwa mwamuzi. Ni upande uliovuta watu wengi. Watazamaji wakikuhama, umeshindwa, hata kama umecheza mpaka damu ikakutoka. Nilikulia katika nyumba ya Bagalu. Niliposimama golini na kuona umati wote uko kwa wageni, sikuona mabao mawili. Niliona tunahamwa.

Basi nikatoka golini. Nilirusha gongo juu, nikalidaka nyuma ya mgongo, kama wachezaji wa ngoma ya majembe wanavyorusha majembe yao, nikaanza kuimba. Mabeki wangu wakaelewa papo hapo, wakaitikia. Punde timu nzima ilikuwa nyuma ya goli letu, tunacheza bega kwa bega, magunia ya pamba yakipiga vumbi. Umati ukavunjika upande wa wageni, ukaja kwetu, wanawake wakipiga vigelegele. Watoto wa mjini walisimama kwanza wakishangaa, kisha, kwa kuwa filimbi haikulia, wakaendelea kufunga. Mwamuzi wao alihesabu mabao tisa.

Nilimkimbilia fundi nikihema. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Binti, kwa nini wewe acha nyumba?"

"Fundi, tumewashinda. Tazama, kule hakubaki hata mtu mmoja."

Aliutazama umati, akanitazama mimi, akafuta ndevu zake kwa kiganja. Meneja alipita nyuma yake, akasema tu kwamba uwanja anautaka Jumatatu, magongo hakuyataja.

Lakini katika umati huo alikuwamo yule mzee wa ngitili, aliyefuata ngoma kama wengine. Alisogea polepole, akazungumza Kisukuma, na baba yangu akawa mkalimani. Alisema alidhani mchezo huu ni wa kizungu wa kuwakimbiza watoto bure, kumbe unakusanya watu. Ng'ombe wake wakishamaliza nyasi, fundi aje na watoto. Akaongeza, "Ila kipa wenu atulie. Mlango haukimbii kwenda kucheza ngoma." Watu wakacheka, mimi nikiwa wa mwisho kuelewa.

Fundi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, "Wabeja." Lilikuwa neno la kwanza la Kisukuma kumsikia akilitamka.

Tulicheza ngitilini kila kiangazi kwa miaka mingi, nyasi zikiwa zimekatwa sawasawa na meno ya ng'ombe. Fundi hakubadili hata kanuni moja ya mchezo wake. Aliongeza tu kwamba filimbi ya mwisho ikilia, ngoma ianze. Vijiji vitano vilipata timu. Mtu mmoja, kwa boila na subira, alifanya hivyo.

Leo kiwanda ni kuta bila paa, na ngitili imekatwa viwanja vya nyumba. Fundi aliondoka nchini nikiwa nimeolewa upande wa Geita, habari zikanifikia yeye akiwa amekwisha kupanda ndege. Katika miaka yote ile, kila tulipomuuliza matokeo ya siku ya kwanza, alijibu, "Watu walikuwa wengi sana," akaendelea na kazi yake. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba baadaye nilielewa: tulifungwa mabao tisa, saba kati ya hayo yalikuwa yangu, naye alikaa kimya ili mtoto wa watu asiache kusimama golini.