Boti Iliyotuacha Kigoma

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumatano, na boti yetu ilikuwa imefunga gati Kigoma tangu asubuhi ili ishushe mizigo kabla ya kuendelea na safari ya Uvira.

Najua utacheka kuniona najifanya mzee. Nina miaka thelathini na moja, sina mvi hata moja. Lakini babako ni kaka yangu, kwa hiyo mimi ni babako mdogo, na juzi mamako aliniambia kwamba unakwenda Kisangani kusoma na umekataa kufuatana na wenzako kwa njia ya Mambasa, kwa sababu eti kila mtu ana macho yake. Maneno hayo nayajua. Niliyasema kabla yako.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa historia, chuoni Bukavu. Tulikuwa wanafunzi kumi na watatu, na wa kumi na nne mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Prof, tukirudi kutoka Kalemie katika safari ya masomo. Kigoma tungekaa mchana tu. Prof alikuwa amepanga twende pamoja kuuona Ujiji, mji wa kale ulio karibu, ambako misafara ya pwani ilikutana na ziwa, na ambako watu wengi wa upande wetu wa Kongo walipitishwa, wengine na mizigo kichwani, wengine na minyororo shingoni. Mwongozaji alikuwa anatungoja bandarini.

Mimi sikumtaka mwongozaji. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu juu ya mji ule, na niliamini kwamba mtu anayelipwa kusimulia atasimulia kile kinacholipwa. Nilitaka kwenda peke yangu, nipime, niulize, nione kilichobaki na kisichokuwepo. Prof alikuwa bado anasema, amesimama kwenye ngazi ya boti, nami nilikuwa nimeshafika getini.

Denise, mwenzangu aliyetoka Bunia kama mimi, akaniita: "Weye! Prof hajamaliza!"

"Utaniambia nikirudi," nikajibu bila kugeuka.

Nilichokuwa nimekisikia ni kimoja tu, kwamba boti itaondoka saa kumi na moja jioni. Maneno yaliyofuata yaliniponyoka. Prof aliwaambia wenzangu wageuze saa zao, kwa kuwa Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Wewe utasema hilo kila mtu analijua. Mimi pia nilikuwa nalijua, darasani. Lakini simu yangu haikushika mtandao wa kule, ikabaki na saa ya Bukavu, nami sikulikumbuka hilo hata mara moja.

Nilipanda pikipiki hadi Ujiji. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilitembea peke yangu kwenye njia ya zamani inayoshuka kuelekea ziwani, nikihesabu hatua. Nyumba ni za udongo, fupi, zimeshikana, na misikiti midogo iko katikati yake. Ziwa limerudi nyuma kiasi kwamba mahali palipokuwa ufuko, watu sasa wanalima. Hilo sikulisoma kitabuni. Nikaliandika katika kidaftari changu nikijiona mkubwa kuliko Prof na mwongozaji wake.

Nikamkuta bibi mmoja amekaa mbele ya nyumba yake, anachuja mawese. Nikanyoosha mkono kama tunavyofanya kwetu. "Jambo, mama. Nimeshuka kwenye boti leo."

Akautazama mkono wangu, kisha uso wangu. "Shikamoo umeiacha kwenye boti?"

Wajukuu wake wawili wa kike wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikaitoa hiyo shikamoo, naye akaniitikia, akanipa kigoda. Aliitwa Bi Mwamvita. Alipojua natoka Kongo alichangamka, akaanza kunitajia majina: mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake aliyeletwa kutoka Manyema, upande wetu wa Kongo, akiwa msichana na hakurudi tena. Aliyataja bila kukwama, kama mtu anayehesabu vidole vyake.

Nami, mwanangu, badala ya kushukuru, nikamwuliza: "Nani aliyaandika majina hayo?"

"La bibi yako aliliandika nani?"

"Hakuna aliyeliandika."

"Basi hukuwa na bibi?"

Wajukuu wakacheka tena. Sikukubali kushindwa. Nikamweleza habari za ushahidi, nikamweleza kwamba kumbukumbu ya mtu hugeuka kila inaposimuliwa. Hayo ni kweli hata leo, siyakani. Alinisikiliza huku mikono yake inafanya kazi. Mwadhini alipoita kwenye msikiti wa jirani, aliinua kichwa.

"Boti yenu inaondoka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa kumi na moja."

"Basi simama uende. Hiyo ni alasiri."

Nikatazama simu. Ilionyesha saa tisa na robo. "Bado, bibi, ni saa tisa na robo tu. Nina muda mwingi."

"Saa yako iko nyuma."

"Simu haikosei," nikamwambia, nikatabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto. Yeye hakuwa na saa mkononi wala ukutani. Ningemwuliza nini zaidi? Nikaona ni mzee wa dini anayekisia wakati, nikarudi kwenye hoja yangu. Hakunisihi. Alisema tu, "Haya, mgeni ana macho makubwa na haoni," akaendelea na mawese yake.

Wakati ule pikipiki ingenifikisha bandarini kabla ya honi. Nilikaa karibu saa nzima.

Niliporudi, boti ilikuwa imeshaliacha gati, naona mgongo wake tu. Lakini kibaya zaidi ni watu waliosimama hapo na mizigo yao: Prof, na wenzangu kumi na wawili, wote. Tulikuwa tumeingia Tanzania kwa karatasi moja yenye majina kumi na manne. Ofisa wa bandari alikataa kuwapigia muhuri watu kumi na watatu. Denise alikuwa amemsihi mpaka sauti ikamkauka, naye akamjibu kwamba karatasi ni moja na watu ni kumi na wanne, yeye hana mkasi wa kuikata.

Boti nyingine ilikuwa baada ya juma zima. Na Jumamosi ya juma lile lile, nyumbani kwao Denise hapa Bunia, ndiyo ilikuwa siku ya kupokea mahari yake.

Hakunipigia kelele. Alikaa juu ya mfuko wake, akasema, "Bashemeji zangu beko njiani tangu kijiji ya Bule. Na bang'ombe. Sasa niambie weye, nimuambie baba nini?"

 Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nikaenda kumtafutia simu ya kuazima.

Alimpigia babake kwa simu ya mwenye duka. Wale wakwe walikuwa wamekwisha kuondoka na ng'ombe, na wewe ni mtoto wa Ituri, sihitaji kukueleza maana ya kumrudisha ng'ombe kwenye barabara ile ya Djugu, katikati ya watu wenye bunduki. Walirudi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini hilo tulilijua baada ya siku tatu za kungoja habari, tumelala chini katika chumba cha kanisa moja la Kigoma, tunakula ndagala, ndio dagaa wa kule, na ugali tuliopewa. Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Siku hizo tatu Denise hakula.

Tulipofika Bunia nilitaka kwenda kwao peke yangu kuomba msamaha. Babu yako alinizuia. "Kosa umelifanya peke yako, msamaha hauombwi peke yako," akasema, akavaa koti lake, tukaenda wote wawili.

Babake Denise alitupokea, akatupa viti, akanisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza yote, na Bi Mwamvita pia. Akaniuliza jambo moja tu.

"Ule mama alikuambia ya kama saa yako iko nyuma?"

"Ndiyo, muzee."

"Na weye uliuliza yeye kama anajua namna gani?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Basi haukuwa muntu wa maulizo. Ulikuwa muntu wa kubisha."

Mahari ilipokelewa miezi miwili baadaye. Wakwe walidai mazungumzo yaanze upya, na wazee wa Denise walilazimika kunyenyekea pale ambapo mwanzo walikuwa wamekaa wima. Mimi nilipewa kazi ya kuchunga ng'ombe mlangoni, nikiwa nimevaa suti yangu. Denise akanipita na kitenge chake kipya, akasema, "Chunga muzuri, profesa," na hapo nikajua kwamba amenisamehe, au ameanza.

Sasa sikia, mwanangu. Sikuambii uache kuhoji. Ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu naichukia hadi leo, kwa kuwa wakubwa wengi huitumia kufunga midomo ya watoto. Kuuliza si ujinga. Ila nilipokuwa Ujiji nilihoji kitabu, nikahoji mwongozaji, nikahoji majina ya marehemu, na kitu kimoja tu sikukihoji, kile nilichokuwa nimekishika mkononi. Mashaka yanayowahusu wengine tu ni kiburi kilichovaa miwani. Anza na wewe mwenyewe. Mwenyeji akikuambia neno, mwulize amelijuaje, kisha ngoja akujibu. Na kabla hujawaacha wenzako uende zako, msikilize anayesema mpaka afunge mdomo, maana hujui ni majina ya nani yaliyoandikwa kwenye karatasi moja na lako.

Nenda na wenzako. Mungu akutangulie msituni na mtoni, akupe watu wa kukukosoa kila utakapofika, na akupe sikio la kuwasikia wangali wanasema. Urudi ukiwa mzima, utukute tu wazima.