Zamu ya Kimani

Uongo unataka mtu aliyepumzika, na mimi sijapumzika tangu mama aanze kuugua. Kwa hivyo nikikuambia kwamba jambo hili lilinipata dukani kwangu, mtaani Kimbo, saa kumi na moja jioni, jua likiwaka na watu wakipita, usidhani natafuta sifa. Natafuta tu mtu wa kunisikiliza hadi mwisho.

Nauza vitu vya stima vilivyotumika: pasi, redio, televisheni. Mwezi wa kwanza mwaka huu, ndani ya sanduku la makorokoro kutoka Thika, nilikuta gemu ya zamani, ile ya kaseti. Bila shaka unaijua. Kijamaa kidogo kinakimbia kuelekea kulia, kinaruka mashimo, kinakanyaga vidudu. Kurudi nyuma hakuna. Ukishapita mahali, skrini inafunga njia. Tulikuwa nayo nyumbani Thika, mimi na ndugu yangu mdogo, Kimani, na sheria ilikuwa moja, ambayo kila mtoto wa wakati huo anaikumbuka: ukikufa, unampa mwenzako padi ya kuchezea, acheze.

Nikaiunganisha na televisheni nione kama inafanya kazi. Asubuhi nilikuwa Thika kumwogesha mama, mgongo ulikuwa ukiniuma, macho mazito. Nikacheza. Niamini, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilisahau kwamba nimechoka.

"Siste, hiyo gemu iko sawa?"

Mwanamume wa kukaribia miaka arobaini alikuwa amesimama mlangoni. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, nikadhani ni mtu wa kuosha magari. Nikamkaribisha kwenye benchi.

"Iko sawa. Unajua kucheza?"

"Kidogo tu. Ukikufa unapeana, ama?"

"Hiyo ndiyo sheria," nikamwambia nikicheka.

Shimo la kwanza tu, akatumbukia. Hakulalamika wala hakuomba nafasi nyingine. Alinipa padi papo hapo. Nikacheza mimi, nikafika mbali kuliko nilivyowahi kufika utotoni. Akaomba maji ya kunywa, nikamwonyesha mtungi ulio nyuma ya pazia.

Alipokuwa huko, nikafa. Hakuona. Kidole changu kikabonyeza kuanza upya hata kabla sijafikiri. Kwa nini? Mtu mzima, mwenye duka, mwenye watoto? Nilikuwa nimechoka na nilitaka kidogo tu zaidi. Sababu nyingine sina.

Akarudi, akasimama nyuma yangu. "Umekufa?"

"Bado."

Akatazama skrini. Alama pale juu zilikuwa sufuri tupu. "Sawa," akasema polepole. "Basi nitarudi." Akatoka.

Ndipo nikaweka padi chini, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia. Nikiwa na miaka kumi na miwili na Kimani ana tisa, mama alimtuma maji, na aliporudi aliniuliza hivyo hivyo, nami nikamdanganya hivyo hivyo. Alitazama zile sufuri, hakubishana nami. Akasema basi atarudi, akaenda na wenzake kuogelea kwenye timbo la mawe lililojaa maji. Walimtoa jioni. Miaka hii yote sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ilikuwa zamu yake, kwamba angekuwa ndani ya nyumba.

Nilikimbia nje. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na nyayo zake zenye maji zilianzia mlangoni zikaishia hatua nne mbele. Jirani yangu wa mboga, ambaye hapitwi na kitu, aliniuliza nilikuwa nikiongea na nani muda wote huo. Benchi lina doa la tope la kijivu, lile la unga wa mawe. Nimelisugua kwa sabuni na brashi, bado lipo.

Jumapili nilimweleza mama kila kitu, cha zamani na cha sasa. Nilijua atanilaani. Akauliza tu, "Hayo maji alikunywa?"

"Alikunywa."

"Na chai hukumpikia?"

"Hapana, mama."

"Ungempikia chai," akasema, akageukia ukuta.

Gemu hiyo siuzi, usiniulize bei. Kila jioni naiwasha, naweka padi kwenye benchi upande wake, na kikombe cha chai kando. Mimi sichezi tena. Nakaa tu, hadi chai inapoa, kisha nafunga duka na kwenda kumwangalia mama. Wewe uliye na mtu anayengoja zamu yake kwako, mpe leo, angali ameketi hapo. Usijiambie kwamba ukipata nafasi nyingine utafanya vizuri. Mimi niliipata.