Wavu wa Kumi na Mbili

Fundi cherehani yule, watu wakimwita Bi Sindano, alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko pesa: kazi yake hairudi. Ndiyo maana bwana misitu alipotaka nyavu za kufunikia miembe, hakuhangaika kutafuta fundi mwingine.

Shida ilikuwa popo wakubwa wa kisiwa kile, wenye manyoya mekundu shingoni, wasiopatikana kwingine popote. Msitu wao ulibaki kipande tu kando ya mto, basi wakashuka mashambani kula maembe, na wenye maembe wakawapiga bunduki. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Hesabu hiyo haihitaji msomi. Wakulima wakakubali kuweka bunduki chini, miti ifunikwe. Fundi akapewa sharti moja: tundu la wavu lisipitishe kidole. Kidole kikipita, popo hunasa.

Nyavu kumi na moja alizishona bila dosari. Wa kumi na mbili, malighafi ikamwishia siku moja kabla ya kukabidhi. Nani atajua? Akatoa stoo wavu wa zamani wa kuvulia samaki, akaupindia utepe uleule wa kijani, akaukunja vizuri sana. Katika kugawa, wavu huo ukamwangukia jirani yake, mwalimu mstaafu, aliyekuwa wa mwisho kuisalimisha bunduki.

Wiki ya pili wakakutwa humo popo tisa wamekufa, mmoja na mtoto kifuani. Bwana misitu hata hakuugusa wavu. Kazi ya Bi Sindano nani ataikagua? Alimfokea mwalimu mbele za watu kwamba aliulegeza makusudi. Bi Sindano alikuwapo. Alitazama viatu vyake.

Tangu hapo alikuwa akifumua mishono iliyonyooka na kuishona upya, wateja wakamshangaa.

Asubuhi moja mwalimu akaingia na ule wavu kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unifundishe kuufunga. Nadhani nilikosea mimi. Mikono imezeeka hii."

Heri angemtukana. Matusi alikuwa amejiandaa nayo. Angeweza kumwonyesha fundo, akamkaribisha chai, yakaisha hapo. Lakini aibu haikumruhusu. Akakishika kidole cha mzee, akakisukuma kwenye tundu. Kikapita chote, na cha pili kikafuata.

"Hukukosea," alisema. "Sharti lilikuwa kidole kisipite. Niliishiwa, nikaweka wavu wa samaki, nikanyamaza. Leo hii nitamwambia bwana misitu, mbele ya watu walewale."

Mwalimu alivichomoa vidole vyake taratibu, akavitazama.

"Na zile kumi na moja?"

"Ziko sawa, mwalimu. Haki ya Mungu."

Alikuwa anasema kweli, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kweli hiyo haikumsaidia kitu. Mzee akavaa kofia yake.

"Tutazipima zote," alisema. "Kwa kidole changu, si chako."