Suruali Isiyolegea

Fundi alikuwa na maneno mengi kuliko nyuzi, na kwenye kibanda chake cha cherehani hakuna mteja aliyetoka bila kutaniwa. Mtu akileta suruali ipunguzwe kiuno, aliipunguza, lakini kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani, akakipiga pasi, akamwambia mwenyewe kwamba kitambi kimekwenda matembezi tu, kikirudi kitakuta nafasi yake.

Alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, dawa akizimeza bila kukosa, na hilo halikuwa siri kwa mkewe. Siri ilikuwa koo. Kila tonge lilishuka likimkwaruza, kwa hiyo akala kidogo, kisha kidogo zaidi. Nyumbani alidai ameshakula kibandani, na kibandani alidai atakula nyumbani. Mwili ukawa unamwisha, naye kila suruali yake ilipolegea akaibana. Nani atampa kazi fundi anayevaa gunia?

Kliniki nako mizani ilikuwa imeharibika, na wakati ikisubiri kutengenezwa muuguzi aliwauliza watu kama nguo zimeanza kuwalegea. Swali zuri, kwa mtu mwingine. Fundi alijibu, wala hakusema uongo, kwamba zake zinamkaa sawasawa. Muuguzi akaangalia, akaona kweli, akausifia na mshono.

Siku moja mkewe alimkuta ameketi katikati ya ngazi za nyumbani akihema. Safari iliyofuata ya kliniki akajialika mwenyewe. Swali la nguo likaulizwa, jibu likatolewa kwa madaha. Mke hakubishana. Alimgeuza mumewe, akamwonyesha muuguzi mifuko ya nyuma ilivyosogeleana kwa kiuno kubanwa mno, mpaka inataka kusalimiana. Kisha akaipindua suruali pale kiunoni akitafuta kitambaa kilichokunjwa. Hakikuwapo.

"Baba watoto, za watu huwa hukati," alisema taratibu. "Mbona yako umekata?"

Safari hii fundi alijibu bila utani.

"Sikuona kama nitakihitaji tena."

Mke aliiachia suruali, akatazama dirishani. Alikuwa na hasira naye hata machozi yakamtoka. Muuguzi akajifanya anatafuta kalamu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mizani nyingine iliazimwa kutoka chumba cha wajawazito, ikasema yote: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa zamani ilikuwa imekwenda, misuli ikiwemo. Daktari alimulika mdomoni, akakuta utando mweupe wa fangasi ulioteremka mpaka kooni. Makohozi yakapimwa na kifua kikapigwa picha, isije ikawa kuna kifua kikuu kimejificha, nacho hakikuwapo. Kipimo cha damu kikaonyesha kuwa virusi vimezizoea dawa zake, basi akabadilishiwa. Akapewa pia dawa ya fangasi, pakiti za chakula lishe cha karanga, na amri ya kula kidogo kidogo mara nyingi. Aliambiwa anyanyue vitu vyenye uzito kiasi ili misuli irudi, akachagua pasi yake ya mkaa, akawa anainyanyua mbele ya wateja na kuwatangazia kwamba kutazama si bure.

Koo lilipona kwanza, nalo domo likarudi kazini. Mwili ulichukua muda wake, lakini asubuhi moja suruali ikagoma kufunga. Fundi alicheka peke yake chumbani mpaka mkewe akaja kuchungulia.

Kitambaa cha rangi ile hakikupatikana tena. Ikabidi aunge kipande cha buluu kwenye suruali ya kijivu, nyuma katikati, mahali pasipofichika. Wateja walipouliza kama ndio mtindo mpya, aliwaambia ndio, ila wao hawauwezi.

Jioni mkewe aliichukua suruali akaipige pasi. Kabla ya kuigusa aliipindua, akapitisha vidole kiunoni. Ndani, fundi alikuwa ameacha kitambaa cha kumtosha mtu mwenye kitambi.